Kivinjari kilichotekwa: mwongozo kamili wa kukikomboa bila kufomati kompyuta

Unafungua Chrome jioni kuangalia jambo dogo tu la shule ya mtoto, na ukurasa unaofunguka si ule uliouzoea. Ni ukurasa wa kutafutia, una jina hujawahi kulisikia, na kila unachoandika kinazungushwa kwingine kabla ya kukuletea majibu. Unabadilisha kwenye mipangilio, unafunga, unafungua tena, na umerudi palepale. Hapo kivinjari chako kimetekwa.

Kwetu Mombasa dawa inayotajwa haraka ni moja: peleka kwa fundi afomati. Simlaumu fundi. Kufomati ni kazi yenye hakika, na kuchunguza ni kazi ya kukuna kichwa. Lakini mtekaji wa kivinjari karibu kila mara hutoka kwa mkono, mradi ufuate mpangilio. Wengi huanzia kwenye kivinjari chenyewe, na ndiyo maana wanashindwa. Kivinjari kinaonyesha maradhi tu, kinachoyarudisha kimejificha ndani ya Windows. Kusafisha kivinjari kwanza ni kupiga deki huku mfereji uko wazi.

Lengo la watu hawa ni pesa ya matangazo. Kila unapotafuta kitu kupitia ukurasa wao, wanapata senti zao, na mwisho wa safari majibu mara nyingi hutoka Bing au Yahoo. Kwa hiyo ukijikuta Yahoo bila kupenda, usiilaumu Yahoo: kuna dalali katikati. Senti hizo zikikusanywa kwenye mashine nyingi huwa mali. Mwaka 2017 kampuni ya usalama ya Check Point ilifichua mtekaji aliyeitwa Fireball, ambaye kwa makadirio yao alikuwa ameingia kwenye kompyuta milioni 250 duniani.

Kwanza hakikisha si arifa tu

Nusu ya laptopu ninazoonyeshwa hazijatekwa kabisa. Zinatoa vibandiko kwenye pembe ya chini kulia: "Kompyuta yako ina virusi 5", "Antivirusi yako imeisha muda", mara picha ya msichana, mara bonasi ya kubeti. Chanzo chake ni mechi ya bure. Jumamosi mtu anatafuta mahali pa kutazama Ligi Kuu ya Uingereza bila kulipa, tovuti inamwambia abofye Allow kuthibitisha kwamba yeye si roboti, naye anabofya. Hajathibitisha chochote. Ameipa tovuti ruhusa ya kumtumia arifa mchana na usiku.

Tazama kibandiko chenyewe kwa makini: kitakuwa na jina la kivinjari, na karibu yake anwani ya tovuti iliyokituma. Andika chrome://settings/content/notifications kwenye sehemu ya anwani, tafuta tovuti hiyo chini ya zilizoruhusiwa, bofya vitone vitatu, uondoe. Ondoa na nyingine zote usizozitambua. Kwenye Edge anza na edge:// badala ya chrome://. Kwenye Firefox ingia about:preferences#privacy, ushuke hadi Notifications. Vibandiko vikikoma na utafutaji wako ukiwa sawa, kazi imekwisha, funga ukurasa huu ukapike.

Kabla hujagusa kitu

Zima usawazishaji (sync). Kama umeingia kwenye Chrome kwa akaunti ya Google, viendelezi vyako (programu ndogo zinazoongezwa ndani ya kivinjari) vimehifadhiwa huko pia, na kile kibaya kimo humohumo. Utakisafisha hapa, kisha akaunti ikurudishie. Ingia kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya akaunti, usimamishe usawazishaji. Kama nyumbani kuna kompyuta nyingine yenye akaunti ileile, izime hiyo pia kwa muda.

Hifadhi alamisho zako (bookmarks): bonyeza Ctrl, Shift na O kwa pamoja, kisha kwenye vitone vitatu vya ukurasa utakaofunguka chagua kuzitoa kama faili. Na nywila zako, kama umemwachia Chrome azikumbuke zote, uziandike mahali salama.

Jambo la tatu watu hulidharau. Usitafute dawa kwa kutumia kivinjari kilichotekwa. Ukiandika "remove browser hijacker" kwenye mashine iliyotekwa, majibu ya juu yanaweza kuwa matangazo ya wasafishaji bandia, na utaongeza mgonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Andika anwani kamili mwenyewe, au pakua kwa simu kisha uhamishe faili kwa kebo.

Na chaji laptopu ijae. Stima ikikatika katikati ya uchunguzi utaanza upya, na mwenye kompyuta ya mezani bila betri ya akiba achague saa ambayo mtaani kwake kumetulia.

Hatua ya kwanza: programu zilizoingia naye

Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R. Kwenye kisanduku andika appwiz.cpl, bonyeza Enter. Orodha ya programu zilizosakinishwa itafunguka. Bofya juu ya safu ya Installed On ili zijipange kwa tarehe, kisha jiulize: matatizo yalianza lini? Tazama kilichoingia siku hiyo na siku zilizoizunguka. Mtekaji haji peke yake. Utakuta kigeuza PDF, kipakuaji cha video, kitu kinachodai kuharakisha kompyuta, kivinjari usichokijua chenye nembo inayofanana na ya Chrome, vyote vya tarehe moja.

Ondoa kimoja kimoja kwa Uninstall. Soma vitufe polepole, maana baadhi huandika swali kinyume ili ubofye kubaki. Majina kama Microsoft Visual C++, Realtek na Intel yaache yalivyo. Jina usilolijua si lazima liwe baya: lichunguze kwa simu kwanza.

Hatua ya pili: ratiba iliyofichwa

Hapa ndipo kitu kinachorudi kila ukiwasha kompyuta hukaa. Windows ina mahali pa kupangia kazi za kujiendesha zenyewe: sasisho, usafi wa diski na kadhalika. Mtekaji naye hujiandikisha humo. Mwaka 2022 ulienea mmoja aitwaye ChromeLoader, akiingia kupitia faili za ISO (nakala za diski nzima ndani ya faili moja) zilizojifanya gemu au filamu za bure. Alijiandikia kazi kwenye ratiba hii ili amri zake ziendelee kukimbia na kurudisha kiendelezi kila kilipong'olewa.

Bonyeza tena Windows na R, andika taskschd.msc. Upande wa kushoto bofya Task Scheduler Library. Pitia orodha iliyo katikati. Bofya kila usichokielewa, kisha fungua Actions, uone inaendesha nini. Tilia shaka kazi inayofungua kivinjari pamoja na anwani ya tovuti, inayoita powershell (chombo cha Windows cha kuendeshea amri) ikifuatiwa na msururu mrefu wa herufi zisizosomeka, au inayoendesha faili iliyo ndani ya AppData au Temp kwa jina la ovyo. Ukiwa na shaka, bofya kulia uchague Disable badala ya kufuta, ndiyo njia ya kurudi nyuma kama umekosea. Vilivyo ndani ya folda ya Microsoft usiviguse.

Kisha Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Startup, uzime usichokitambua. Hiyo ni kazi ya dakika mbili.

Hatua ya tatu: "Managed by your organization"

Mama mmoja jirani, mwalimu mstaafu wa Kisauni, aliniletea laptopu ameifunga kwa leso. "Mwanangu, hebu nitazamie. Kila nikitafuta kitu yanipeleka kwengine, na hichi kidude hakitoki. Hii haina jini kweli?" Kidude chenyewe kilikuwa kiendelezi kwenye ukurasa wa chrome://extensions, na kweli hakikuwa na kitufe cha Remove. Chini kabisa ya menyu ya Chrome palikuwa na maneno "Managed by your organization". Mama hana shirika. Laptopu ni yake, aliinunua kwa pensheni yake.

Maneno hayo ndiyo ufunguo wa kesi nyingi ngumu. Chrome humruhusu msimamizi wa kompyuta za ofisi kulazimisha mipangilio fulani, iitwayo sera (policy), ili wafanyakazi wasiibadilishe. Mtekaji hutumia mlango uleule, anajifanya bosi wako. Andika chrome://policy uone. Kwenye mashine ya nyumbani ukurasa huo kwa kawaida ni mtupu. Kwa Mama palikuwa na mstari wa ExtensionInstallForcelist, na mbele yake herufi 32 zisizo na maana. Hizo ni kitambulisho cha kiendelezi: ukikilinganisha na kinachoonekana kwenye chrome://extensions baada ya kuwasha Developer mode, unamjua mwizi kwa jina.

Kumtoa kunahitaji kuingia Registry, daftari la ndani la mipangilio ya Windows, na huko mtu haingii kwa pupa. Windows na R, andika regedit, kubali. Fungua HKEY_LOCAL_MACHINE, kisha SOFTWARE, Policies, Google, Chrome. Kabla ya kufuta, bofya kulia kwenye Chrome uchague Export, uhifadhi nakala kwenye Documents. Sasa futa folda hiyo ya Chrome iliyo chini ya Policies, hiyo tu. Fanya vivyo hivyo chini ya HKEY_CURRENT_USER. Kwa Edge njia ni ileile, ila badala ya Google na Chrome ni Microsoft na Edge. Kwenye Firefox angalia about:policies.

Mambo mawili ya tahadhari. Kama laptopu ni ya kazini, usiguse, sera hizo ni za kweli na zina mwenyewe. Na baadhi ya antivirusi na programu za kuwalinda watoto huweka sera zao halali, basi soma jina la sera kabla ya kufuta.

Fungua upya Chrome, rudi chrome://policy, bofya Reload policies. Ikiwa tupu, umeshinda sehemu kubwa. Ikirudi baada ya kuwasha kompyuta upya, kuna kitu ulikiacha hatua ya pili.

Hatua ya nne: msaada wa mashine

Sasa ndio wakati wa kuchunguza kwa programu. AdwCleaner ya Malwarebytes ni ya bure, haihitaji kusakinishwa, na imetengenezwa mahsusi kwa uchafu wa namna hii. Ipate malwarebytes.com, si penginepo. Iendeshe, soma ilichokipata, ondoa, iache iwashe kompyuta upya.

Kisha Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, uchague ule uchunguzi wa offline wa Microsoft Defender, antivirusi ya Windows yenyewe. Kompyuta itazimika, iwake kwa skrini tofauti, ijichunguze kwa takriban dakika 15. Inachunguza kabla ya Windows kuamka, na kilichozoea kujificha hakipati nafasi.

Ukiwa hapohapo, na hili ni la lazima kwa kila aliyenunua laptopu iliyotumika mjini, fungua Manage settings chini ya Virus & threat protection, ushuke hadi Exclusions. Hiyo ni orodha ya vitu ambavyo Defender ameamriwa asivitazame. Laptopu nyingi huuzwa zikiwa na Windows au Office iliyofunguliwa kwa programu za wizi, na programu hizo hazifanyi kazi mpaka Defender azibwe macho. Aliyekuwekea aliongeza folda humo na kuiacha. Nimekuta diski yote ya C imeorodheshwa, yaani mlinzi yupo mlangoni na ameambiwa asitazame ndani ya nyumba. Ondoa kila kilichomo usichokiweka wewe, kisha rudia uchunguzi.

Hatua ya tano: sasa kivinjari

Fungua chrome://extensions. Ondoa kila kiendelezi ambacho huwezi kusema kwa sentensi moja unakitumia kwa nini. Hata kile kizuri cha zamani kitazame mara mbili, maana viendelezi huuzwa. The Great Suspender kilipendwa na watu wengi, kikabadilisha mikono, na Februari 2021 Google wakakiondoa kwa sababu ya msimbo hatari.

Halafu nenda chrome://settings/reset urudishe mipangilio ya asili. Alamisho, historia na nywila hubaki. Viendelezi huzimwa, na ukurasa wa kwanza, injini ya utafutaji na kichupo kipya hurudi vilivyokuwa. Edge ni edge://settings/reset. Firefox ni about:support, kisha Refresh Firefox, ambayo huacha folda ya data za zamani kwenye skrini yako. Usiifute mpaka uwe na hakika hujapoteza kitu.

Kagua na njia za mkato, kwa sababu reset haizifikii. Bofya kulia alama ya Chrome kwenye skrini, Properties, tazama mstari wa Target. Unatakiwa uishe kwa chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Ukikuta baada yake kuna anwani ya tovuti, futa njia hiyo ya mkato utengeneze nyingine. Ile iliyo kwenye mstari wa chini nayo ibandue uibandike upya.

Mwisho wa usafi, Settings, Network & internet, Proxy. Proxy ni kompyuta ya kati ambayo intaneti yako hupitishwa. Nyumbani, Use a proxy server na Use setup script zote zinatakiwa kuwa zimezimwa. Na kama simu na televisheni za nyumbani nazo zinapelekwa kwingine mkitumia Wi-Fi moja, tatizo si kompyuta, ni ruta. Ingia kwenye mipangilio yake, tazama DNS (huduma inayoelekeza kila jina la tovuti mahali pake), badilisha nywila ya msimamizi iliyotoka nayo dukani. Usikimbilie kuchoma kile kitundu cha reset: ruta nyingi za faiba zina mipangilio ya mtoa huduma, na ikifutika utakaa bila intaneti ukimsubiri yeye.

Kila kitu kikikaa sawa baada ya kuwasha kompyuta upya mara mbili, washa usawazishaji. Kiendelezi kikirudi, nenda chrome.google.com/sync ufute data iliyohifadhiwa huko, kisha anza upya kutoka mashine hii iliyo safi. Ndiyo sababu nilikwambia uhifadhi alamisho na nywila mapema.

Nywila

Kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote kina uwezo wa kuona unachoandika. Chukulia kwamba kiliona. Kwa simu iliyo safi badilisha nywila ya barua pepe kwanza, maana ndiyo inayofungua nyingine zote, kisha benki, eCitizen na iTax (tovuti za serikali ya Kenya za huduma na kodi), na uondoe vifaa vyote vilivyoingia usivyovijua. PIN ya M-Pesa haiandikwi kwenye tovuti, huombwa kwenye simu yako. Kama ulishawahi kuiandika kwenye ukurasa wa kompyuta, ibadilishe sasa hivi.

Asirudi

Ukiangalia wanavyoingia, wengi huingia mtu akitafuta programu ndogo kwa haraka. Mwezi Juni ukikaribia tarehe 30, nusu ya mji inajaza ritani za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, na mtu anahitaji kugeuza hati iwe PDF saa tano usiku. Anaandika, anabofya tangazo la kwanza, Next, Next, Finish. Windows yako tayari ina Microsoft Print to PDF: kwenye Word au popote bonyeza Ctrl na P, uichague kama printa. Edge inasoma PDF. Windows 11 iliyosasishwa inafungua faili za RAR na 7z bila msaada. Vitu vingi vinavyoleta watekaji havihitajiki kabisa.

Vinavyohitajika vichukue kwa wenyewe: VLC kwa videolan.org, 7-Zip kwa 7-zip.org, LibreOffice kwa libreoffice.org kwa asiye na pesa ya Office. Jibu lililoandikwa Sponsored juu ya matokeo liruke. Ukisakinisha, ukiona Custom au Advanced chagua hiyo, uondoe alama kwenye visanduku vya ziada.

Washa kinga ambayo wengi hawajui wanayo: Windows Security, App & browser control, Reputation-based protection, kisha Potentially unwanted app blocking. Weka alama kwenye visanduku vyote viwili vilivyo chini yake.

Watoto wape akaunti yao isiyo ya msimamizi. Likizo ya Agosti mtoto na gemu za bure ni njia kuu ya kuingilia, na akaunti ya kawaida humlazimu akuite uweke nywila kabla kitu hakijasakinishwa kwa mashine nzima. Utalalamikiwa. Vumilia.

Na kuna ujanja unaoenea siku hizi: ukurasa unakuambia uthibitishe wewe ni binadamu kwa kubonyeza Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Ukifanya hivyo umebandika na kuendesha amri yao kwa mkono wako mwenyewe. Hakuna tovuti halali inayothibitisha mtu kwa njia hiyo. Waambie na wazee nyumbani.

Wakati wa kufomati kweli

Kama Defender anakataa kuwaka, au sera zinarudi hata baada ya hatua zote, au kilichopatikana si cha matangazo bali ni cha kuiba nywila, fomati. Mwenye Windows 10 pia afikirie kuhamia 11 akiwa hapo, kwani Microsoft walisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Hamisha picha na hati tu kwenye diski ya nje, si faili za kusakinisha. Mwambie fundi atumie Windows iliyopakuliwa microsoft.com, asikuwekee Office ya kuvunja. Na laptopu ikirudi, fungua Exclusions mbele yake kabla hujamlipa.